Wafu wa Barabarani Wanahesabiwa Gizani



Tarehe 14 Agosti 1990 Askofu Alexander Kipsang Muge wa Dayosisi ya Eldoret alikwenda Busia kuhubiri. Siku chache kabla ya hapo Waziri wa Leba wa wakati huo, Peter Okondo, alikuwa amemwonya hadharani yeye na Askofu Henry Okullu kwamba wakikanyaga Busia huenda wasitoke huko wakiwa hai. Muge akaenda. Njiani kurudi, mahali paitwapo Kipkaren, karibu na Turbo, gari lake likagongana na lori, na mchungaji huyo akaiaga dunia. Waziri akajiuzulu. Dereva wa lori akashtakiwa, akafungwa. Serikali ikasema ni ajali, wengi wetu tukasema ni mauaji, na hadi leo hakuna hati moja ambayo pande zote mbili zinaweza kuiweka mezani na kukubaliana kwamba haya ndiyo yaliyotokea pale barabarani.

Sikuchukua kalamu ili niamue leo nani alikuwa mkweli. Nauliza jambo lililo dogo kuliko hilo na zito kuliko hilo. Ni nani aliyepima alama za matairi kwenye lami ile? Walikuwa askari walio chini ya serikali ile ile ambayo waziri wake alikuwa ametoa onyo. Ndege ikianguka, wachunguzi hufuata utaratibu mmoja unaojulikana na mataifa yote, ulioandikwa katika Nyongeza ya 13 ya Mkataba wa Chicago wa 1944, na lengo lao limetajwa humo waziwazi: kuzuia ajali nyingine. Gari likigongana na lori Kipkaren, faili huenda kituoni, ikafungwa kwa kamba, ikawa mali ya anayeishika. Basi uvumi ukaijaza nafasi ambayo ukweli uliopimwa ungeijaza. Na kama askofu mwenye jina na kanisa zima nyuma yake alikosa kipimo cha haki, ndugu msomaji, mama muuza ndizi aliyegongwa kando ya barabara ya Kericho atakipata wapi?

Tumezoea kudai haki katika sanduku la kura, katika mahakama na katika ardhi. Barabara tumeiachia mainjinia na polisi, kana kwamba lami haina siasa. Mimi nasema barabara za Kenya zimetawaliwa kwa matamko kwa zaidi ya nusu karne, na kinachokosekana ni viwango vilivyo sawa kwa wote. Najua neno "viwango" halichangamshi damu mkutanoni. Hakuna aliyewahi kuimba wimbo wa ukombozi kuhusu fomu. Lakini kiwango ni ahadi iliyoandikwa, isiyobadilika kwa sura ya mtu, ambayo mnyonge anaweza kuishika mkononi akaipimia kazi ya mkubwa. Mahali pasipo na kiwango, mkubwa hujipima mwenyewe.

Nendeni Mlolongo, nje kidogo ya Nairobi kwenye barabara ya Mombasa. Mji ule, kama wasemavyo wenyeji, ulipata jina lake kutokana na foleni ya malori yaliyongoja kupimwa uzito kwenye mizani. Wazee wa mageuzi wakilisikia jina hilo hukumbuka foleni nyingine, ile ya mwaka 1988, tulipopangwa nyuma ya wagombea mchana kweupe, kila mtu akahesabu kwa macho yake mawili, kisha mwenye foleni fupi akatangazwa mshindi. Jarida la Beyond la Baraza la Makanisa lilipoyafichua mambo hayo, likapigwa marufuku mwaka huo huo. Siku zile tulijifunza kwamba hesabu isiyoandikwa kwa fomu moja mbele ya mashahidi ni mali ya anayeitangaza. Ilituchukua zaidi ya miaka thelathini, na damu nyingi, kufika mwaka 2022, ambapo fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa wazi na kila mwenye simu akaweza kujumlisha mwenyewe. Watu walibishana, walikwenda hadi Mahakama ya Juu, lakini walibishana juu ya karatasi zile zile.

Sasa tuulize: wafu wa barabarani wana fomu gani iliyobandikwa mlangoni?

Kwa mwaka 2016 serikali yetu iliripoti vifo 2,965 vya barabarani. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2018, likakadiria vifo 13,463 kwa mwaka huo huo na nchi hiyo hiyo. Ni zaidi ya mara nne. Tofauti kati ya hesabu hizo mbili ni watu 10,498, idadi inayoweza kujaza kanisa kuu lolote la nchi hii ikabaki nje ya milango. Sisemi kwamba kadirio la Geneva ni Injili. Ni kadirio, na wenyewe wameonyesha upana wake wa kukosea. Lakini hata kama nusu tu ya tofauti hiyo ni kweli, maelfu ya Wakenya walizikwa mwaka ule bila serikali yao kujua walikufa kwa nini. Mwaka 2024 hesabu rasmi ilikuwa 4,748, karibu watu kumi na watatu kila siku, na kundi kubwa kuliko yote lilikuwa la wapita njia, watu wasiokuwa na gari la kulaumiwa. Je, hiyo ni hesabu ya wote? Ukiona jinsi hesabu inavyoandikwa, hutaapa.

Miaka michache iliyopita nilimsindikiza mama mmoja wa kanisa letu kutafuta hati za kifo cha mwanawe. Kijana aligongwa jioni akivuka barabara, akafariki hospitalini siku ya kumi na moja. Kituoni, kitabu cha matukio kilisema aligongwa "karibu na petroli". Barabara ile ina vituo vitatu vya mafuta katika mwendo wa dakika ishirini kwa miguu. Kitabu kilisema ameumia vibaya. Hakuna aliyerudi kuandika kwamba amekufa. Hospitalini faili ilisema jeraha la kichwa, ajali ya barabarani, pasipo kutaja barabara ipi. Wenye barabara, tulipowaandikia, walijibu kwa adabu nyingi kwamba wao huhesabu kwa kilometa, na kwamba hawana taarifa ya tukio mahali ambapo kilometa yake haikutajwa. Ofisi tatu, vitabu vitatu, maiti mmoja. Mama yule aliniuliza swali ambalo wakati ule sikuweza kulijibu: "Sasa mwalimu, mwanangu alifia wapi?"

Kanuni inayotumika katika nchi nyingi ni rahisi kueleweka. Mtu akifa ndani ya siku 30 kwa majeraha ya ajali, huhesabiwa kuwa amefia barabarani. Lakini kanuni hiyo haiwezi kufanya kazi mahali ambapo polisi na hospitali hawasemezani. Inadai nambari moja ya ajali imfuate majeruhi kutoka lami hadi wodi, na kutoka wodi hadi mochari. Inadai pia mahali pa ajali paandikwe kwa njia moja na wote: jina lile lile la barabara, kilometa ile ile, na nambari za ramani ambazo simu ya bei ya chini inaweza kuzisoma leo kwa umbali wa hatua chache. Hayo si mambo ya roketi. Ofisi zinazotoza ushuru wa maegesho zinajua gari lako liko mtaa gani na tangu saa ngapi.

Wapo wanaohesabu vizuri, nao watutie aibu. Mwaka 2008 watafiti wa Chuo Kikuu cha Georgetown cha Marekani walibandika karatasi ndani ya matatu za masafa marefu humu nchini, za kuwahimiza abiria wapaze sauti dereva anapoendesha ovyo. Madai ya bima katika magari yale yakapungua kwa kati ya nusu na theluthi mbili. Ni habari njema kwa kila anayeamini kwamba sauti ya mnyonge ina nguvu. Lakini tazameni walipimia nini. Walipimia madai ya bima, kwa sababu kampuni za bima huhesabu shilingi zao kwa uangalifu kuliko serikali inavyohesabu watu wake. Baadaye watafiti wa Benki ya Dunia walipotaka kujua ajali za Nairobi hutokea wapi, waligeukia jumbe za wasafiri katika Twitter, wakazipatia mahali ripoti zaidi ya 30,000 za kati ya 2012 na 2020. Mwananchi aliyekwama kwenye msongamano, akiandika kwa kidole gumba kwamba kuna ajali mbele, amekuwa karani wa takwimu wa taifa asiye na mshahara.

Nimesema kwamba tunatawaliwa kwa matamko. Katika enzi ya Nyayo tuliyaita matamko ya kando ya barabara: msafara unasimama, mkubwa anashuka, anasema neno, na jioni neno limekuwa sera. Katika uchukuzi tabia hiyo ni ya zamani zaidi. Mwaka 1973 Mzee Kenyatta alitamka kwamba matatu ziruhusiwe kubeba abiria wa kulipa bila leseni ya uchukuzi wa umma. Lilikuwa tamko la kumfaa mnyonge, na vijana wengi walipata riziki kwalo, siwezi kulilaani. Lakini usafiri wa mamilioni ya watu ukajengwa juu ya sentensi moja, na walioufuata hawakurudi nyuma kuweka msingi. Februari 2004 Waziri John Michuki akaleta mikanda ya usalama, vidhibiti mwendo vya kilometa 80 kwa saa, mstari wa manjano na sare za makanga. Matatu ziligoma, wananchi wakatembea kwa miguu, na wengi walitembea kwa furaha kwa sababu hatimaye mtu alikuwa ameamua. Kwa muda tulisafiri kama binadamu. Kisha mikanda ikageuka matambara, vidhibiti vikalegezwa, na askari kwenye kizuizi akarejea kupima gari kwa unene wa noti iliyokunjwa ndani ya leseni. Kanuni zile zilikuwa zimechapishwa katika Gazeti Rasmi, lakini hadi leo wananchi huziita Kanuni za Michuki, na katika jina hilo mna ugonjwa wetu wote. Kanuni inayoishi kwa ukali wa mtu mmoja hustaafu naye.

Mwisho wa mwaka 2017, mkesha wa mwaka mpya, basi na lori viligongana Migaa, kwenye barabara ya Nakuru kwenda Eldoret, wakafa watu 36. Tamko: mabasi ya masafa marefu yasisafiri usiku. Baada ya muda marufuku ikaondolewa. Kilichosaidia kwenye mteremko ule wa Salgaa na Sachangwan kilikuwa ukuta mfupi wa zege uliojengwa katikati kutenganisha wanaopanda na wanaoshuka. Madereva walikuwa wale wale, na malori yale yale, na breki zile zile. Yeyote anayewaambia kwamba ajali za Kenya ni dhambi ya dereva peke yake, mwulizeni kuhusu ukuta ule. Simtetei dereva mlevi, wala mwenye gari anayemlazimisha kijana kuendesha usiku na mchana. Hao mahakama iwashughulikie. Lakini mwenye barabara naye ana kiti katika kizimba hicho, na mpaka sasa kiti chake ni kitupu.

Tazameni tuta la barabarani, kitu kidogo kabisa. Desemba 2016 lori lililobeba shehena inayowaka lilifika Karai, karibu na Naivasha, usiku. Taarifa za wakati huo zilisema dereva alishindwa kulidhibiti alipofika kwenye matuta. Likagonga magari mengine, moto ukalipuka, wakateketea watu zaidi ya 30. Tuta lina kimo chake, upana wake, rangi yake, na ishara inayolitangulia kwa umbali unaojulikana. Kwetu tuta hujengwa kwa hasira ya vijana baada ya mazishi, au kwa hisani ya mwanasiasa kabla ya uchaguzi. Lingine ni refu kama kiti, lingine halina rangi, lingine limewekwa mahali ambapo dereva mgeni hawezi kulitazamia. Kitu kilichowekwa kuokoa mtoto wa shule kinamuua abiria aliyelala.

Basi lenyewe je? Shirika la Viwango la Kenya lina kiwango KS 372 kinachoeleza jinsi mwili wa gari la abiria unavyopaswa kuundwa. Oktoba 2018, Fort Ternan, basi liliacha barabara usiku, paa likang'oka, wakafa watu zaidi ya 50. Abiria aliyekata tikiti kwenda Magharibi hawezi kujua kama chuma kilichomzunguka kilichomelewa kwa kufuata kiwango hicho au kwa kufuata mfuko wa mwenye basi. Akitaka kukisoma kiwango chenyewe, atakuta kinauzwa. Ndiyo, kinauzwa! Sheria inayolinda shingo yako imewekwa dukani pamoja na bidhaa nyingine. Ingekuwaje kama Katiba ingeuzwa kwa sura?

Katiba hiyo, ambayo wengi wetu tulipigwa virungu kwa ajili yake, haikulisahau neno hili. Jedwali la Nne linaipa serikali ya kitaifa barabara kuu na pia jukumu la kuweka viwango vya ujenzi na matengenezo ya barabara za kaunti. Kaunti nazo zikapewa barabara zao, taa za mitaani, maegesho na usafiri wa umma. Waliolitunga walijua kwamba mamlaka yakigawanywa bila kipimo cha pamoja, mwananchi atapotea katikati. Na amepotea. Barabara moja inaweza kuanza ikiwa ya Mamlaka ya Barabara Kuu, ikafika mjini ikawa ya Mamlaka ya Barabara za Mijini, ikaishia mikononi mwa kaunti. Mtoto akigongwa mahali zinapokutana, kila mmoja humwonyesha mwenzake kwa kidole. Kwa uzito wa malori tumeweza kukubaliana hata na majirani: Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2013 iliweka kikomo cha tani 56 kwa lori lote, kwa nchi zote wanachama. Kumbe inawezekana, pale ambapo kinacholindwa ni lami.

Tuje kwenye mtandao wa usafiri, maana kifo huanza mbali kabla ya breki kushindwa. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, lori lilishuka mteremko wa Londiani likawavamia watu waliokuwa kando ya barabara: wachuuzi, wanunuzi, wahudumu wa boda boda, abiria waliokuwa wakingoja matatu. Walikufa 52. Tamko likafuata, kama kawaida, kwamba wachuuzi waondolewe kandokando ya barabara kuu. Lakini akina mama wale hawakulichagua soko lile kwa ukaidi. Matatu husimama pale, kwa hiyo watu hushuka pale, kwa hiyo ndizi na viazi huuzwa pale. Mpango wa barabara uliyaona malori ukasahau kwamba njia panda ni mahali pa watu. Kituo cha matatu, soko na mwisho wa mteremko viliwekwa pamoja na historia, na hakuna ofisi iliyokuwa na ramani moja ya kuonyesha vyote vitatu.

Ramani ya namna hiyo si ndoto. Kati ya 2012 na 2014 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya MIT na Columbia vya Marekani, walipanda matatu za Nairobi wakiwa na simu mkononi, wakaandika kila njia na kila kituo, njia zaidi ya mia moja. Waliziandika kwa muundo wa GTFS, ambao ni kiwango cha wazi kinachotumiwa na mabasi na treni za miji mingi duniani, ingawa ilibidi kiwango chenyewe kinyooshwe kidogo kwa sababu matatu haina ratiba na husimama inapopungiwa mkono. Mwaka 2014 ramani ilichapishwa bure. Fikirini: kwa miaka arobaini tangu tamko la 1973, mamilioni walisafiri kila siku katika mtandao ambao hakuna aliyewahi kuuchora wote. Tuliijua 46 ya Kawangware, tuliijua 111 ya Ngong, lakini jiji halikujijua lenyewe. Vijana walifanya kazi ya serikali kwa nauli, na kwa sababu waliifanya kwa kiwango cha wazi, mwingine yeyote aliweza kuiendeleza.

Serikali nayo ilifanya nini? Mwaka 2017 iliunda mamlaka ya usafiri ya eneo la Nairobi, NAMATA, kwa kaunti tano: Nairobi, Kiambu, Machakos, Kajiado na Murang'a. Nia ilikuwa njema. Hata hivyo nayo ilizaliwa kwa amri ya Rais. Njia za mabasi ya kasi zikapewa majina ya wanyama, Ndovu, Simba, Chui, Kifaru na Nyati, na kufikia mwaka 2019 wananchi wa barabara ya Thika walikuwa wameamka wakakuta mstari mwekundu umepakwa kwenye lami. Mabasi hayakuja. Rangi ikafifia chini ya magurudumu ya matatu zile zile. Nasikitika kusema kwamba huo ndio mstari uliochorwa kwa unyofu zaidi katika mipango yetu ya usafiri, kwa sababu kila mtu aliweza kuuona ukifutika.

Wapo watakaosema, tupeni lami kwanza, fomu zitafuata. Lami tulipewa. Barabara ya Thika ilizinduliwa Novemba 2012, pana kuliko zote tulizowahi kuziona, na wapita njia wakaendelea kufa wakikimbia kuvuka, madaraja ya miguu yakiwa bado machache na yako mbalimbali. Ikabidi barabara ya mwendo wa kasi iwekewe matuta! Aibu hiyo ilipatikana kwa sababu hesabu ya magari ilifanywa na hesabu ya miguu haikufanywa. Na wapo watakaosema tunachochea wananchi. Waliyasema hayo pia tulipodai masanduku ya kura yaonekane.

Waumini mnaijua sheria ya Torati kuhusu maiti aliyekutwa uwanjani, aliyemwua asijulikane. Wazee na waamuzi waliagizwa watoke, wapime umbali kutoka kwa maiti hadi miji iliyo karibu, na mji uliokuwa karibu zaidi ukabeba wajibu mbele ya Mungu. Hawakupewa nafasi ya kusema tukio halina kilometa.

Madai yetu basi yaelekezwe mahali panapostahili. Bunge litunge sheria ya chombo huru cha kuchunguza ajali kubwa za barabarani, kisichokuwa chini ya polisi wala chini ya wenye barabara, na ripoti zake zichapishwe hata zikimgusa mkubwa. Polisi, hospitali, mamlaka za barabara na kaunti zote 47 zitumie nambari moja ya ajali na njia moja ya kutaja mahali. Takwimu zitolewe ajali kwa ajali, bila majina ya wafu, ili mwananchi aweze kujumlisha mwenyewe kama alivyojumlisha fomu 34A. Jumla inayotangazwa kwenye runinga peke yake haitoshi. Viwango vinavyohusu uhai, vya mabasi, matuta na ishara, visomwe bure. Na njia, vituo na masoko vichorwe katika ramani moja iliyo wazi kabla mwanakandarasi hajaleta tingatinga. Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 vinatupa haki ya kuuliza. Waandikieni, nao wajibu kwa maandishi.

Lakini tusingoje majibu tukiwa tumekunja mikono. Kila parokia, kila jumuiya ndogo, kila kikundi cha wanaharakati kiweke daftari. Safu ziwe tano: tarehe na saa, mahali, kwa nambari za ramani zinazosomwa kwenye simu, aliyeumia alikuwa anasafiri vipi, kwa miguu, kwa boda boda, kwa matatu au vinginevyo, alikufa au hakufa, na kama alikufa, siku ya ngapi, na hali ya mahali, kama pana taa, tuta, kivuko au mteremko. Msiandike majina. Safu ziwe hizo hizo Lodwar na Lamu, asitokee mtu wa kuongeza yake kwa sababu ameona ni nzuri zaidi, maana siku tutakapoyaweka madaftari pamoja tofauti hizo ndizo zitakazotuangusha. Mwisho wa mwaka tulinganishe na hesabu ya serikali, kaunti kwa kaunti.

Kwetu tumekwisha kuanza. Mstari wa kwanza wa daftari ni wa mwana wa yule mama. Chini ya neno "mahali" tuliandika nambari tulizozisoma kwenye simu Jumapili moja baada ya ibada, mama akiwa ameshika simu mwenyewe, tukiwa tumesimama kando ya lami kati ya kituo cha pili cha mafuta na cha tatu.